Kadi Nyekundu Mlangoni

Jumatatu, 9 Juni
Nimeamka saa kumi na moja kama kawaida, nikatafuta ufagio. Hamna. Uwanja wenyewe wa kufagia hamna, zulia tu. Nimetandika kitanda, nimefua kilemba kwenye sinki, nimekianika kwenye kiti. Saa kumi na mbili sina kazi.

Siku ya pili hotelini. Neema mwanangu ndo kanileta. Miaka saba yuko Ujerumani, sasa kazini kwao wamekuja huku kwenye mkutano, hapati muda wa kufika nyumbani Kipawa. Kasema mama njoo wewe, nakulipia chumba, tutakuwa wote. Wote wapi. Yeye ghorofa ya saba na wenzie, mie ya nne. Lifti inataka kadi, na kadi yangu inaishia ya nne.

Jana tumekula mezani watu nane, Kiingereza kitupu. Walipocheka nimecheka.

Nina neno na huyu mtoto. Fundi Anselm, yule Mmakonde anayechonga vitanda jirani na kwangu, kafiwa na mke mwaka wa nne huu. Anataka kunioa. Jumamosi atume mshenga kwa kaka yangu. Nimemwambia subiri, mwanangu ajue kwanza, tena ajue kwa mdomo wangu sio kwenye simu. Neema anaondoka Alhamisi mchana. Mie habari ya mtu naifikisha Ukonga chai haijapoa. Ya kwangu imenikaa kooni.

Nyuma ya mlango nimekuta kadi ya kuning'iniza, ina maandishi ya Kizungu, huku kijani huku nyekundu. Milango mingine wameweka nje. Na mie nimeweka. Nyekundu, kama sare yetu ya kwaya. Pamependeza.

Neema kapiga simu. Jioni atapita.

Jumanne, 10 Juni
Hakupita.

Na simu imeingia kwenye maji. Nilikuwa ndani ya lile beseni lao la kuogea kama mtumbwi, naongea na Mama Rehema, jirani yangu, namhadithia taulo zilivyo nene. Nikacheka. Chubwi. Imekufa.

Simu ya chumbani nayo ililia asubuhi. Kupokea, mtu kanimwagia Kiingereza. Nikasema no, asante. Nimelaza mkonga pembeni isilie tena.

Kwenye lifti nawasalimia watu. Wanatazama namba. Kijana wa mapokezi kanipa shikamoo, nusura nimkumbatie. Nikamuuliza Neema yuko wapi. Yuko mkutanoni, mama. Haya.

Hata wa usafi hawaji kwangu. Milango yote wanagonga, wangu wanaupita, nasikia kigari chao kinavyokwenda. Labda wameona kilemba wakasema huyu wa uswahilini, atajifagilia. Nimejifagilia, kwa taulo.

Bahari yote hiyo dirishani na dirisha halifunguki. Meli imepita karibu inaingia bandarini, watu wamesimama juu. Nimewapungia mkono. Hamna aliyeniona.

Jioni
Hajaja. Nimevaa kitenge kipya tangu saa kumi, nimekaa pembeni ya kitanda nisikivuruge. Nimejibizana na mtu wa kwenye tivii. Kaniacha naongea, kaenda matangazo.

Niko mpweke. Sijawahi kuliandika neno hili, sijui hata kama nimelipatia.

Jumatano, 11 Juni
Leo kigari kilivyopita nimetoka mbio. Nimemshika mkono yule dada wa usafi. Zuhura, kwao Temeke. Nikamwambia mwanangu, nimewakosea nini nyie watu?

"Mama, si umesema tusikusumbue?"

"Nimesema saa ngapi?"

Kaishika ile kadi. Kumbe nyekundu ni msinisumbue. Kijani ndo njooni. Zuhura kacheka mpaka kakaa chini.

"Hata yule dada wa miwani, wa ghorofa ya saba, umempa kadi nyekundu! Tangu juzi kaja mara nne, mama. Anasimama, anasoma, anaondoka ananyata."

Sikucheka. Na mie hata msibani nacheka.

Mara nne. Kwetu mtu anapiga hodi. Kimya, anazunguka dirishani. Kimya, anamuuliza jirani, na jirani atamwambia mpaka nilichokula. Mwanangu kasoma kadi mlangoni kwa mama yake akaondoka. Nimeumia. Sijui nimlaumu nani. Yeye kajua kusoma, mie sikujua. Darasa la nne langu hilo.

Jioni
Kaja. Zuhura kamwambia yote. "Mama, nilijua umepumzika." Mie na kupumzika wapi na wapi! Tumecheka. Kajilaza kitandani kwangu na viatu vyake. Nimeanza mbali, kwenye bei ya mbao, nikaja kwa mafundi, nikamtaja Fundi Anselm, yule aliyetutengenezea kitanda marehemu baba yako alipoumwa. Nikasema sasa Neema, kuna jambo.

Kugeuka, kalala. Mdomo wazi kama alivyokuwaga mdogo. Nimemvua viatu. Sikumwamsha, nilitaka kumwangalia. Saa moja simu yake ikalia, wenzie wanamwita, kakurupuka kaenda.

Alhamisi, 12 Juni
Nimemwambia. Sio nilivyopanga. Pale mbele ya hoteli, gari la uwanja wa ndege linanguruma, wenzie washakaa ndani. Nimeshika mkoba wake, nikasema Neema, Fundi Anselm anataka kunioa, Jumamosi analeta posa, wewe unasemaje. Kwa pumzi moja.

Kaniangalia. Kasema, "Mama, sina neno."

Kanikumbatia, kachukua mkoba, kaingia.

Sina neno. Najua, hiyo ndo ruhusa yenyewe, wazee wanasemaga hivyo hivyo barua ikija. Ila mie nilitaka neno. Aulize mtu mwenyewe yukoje. Akasirike. Aseme na baba je. Mtoto wangu mie, kukosa neno.

Hoteli wameniitia gari jingine. Tumefika Kipawa ndo nimekumbuka uwanja wa ndege uko jirani. Walikuwa wanakuja huku huku. Hamna aliyewaza kunipa siti, hata mie.

Jumamosi, 14 Juni
Mshenga kaja. Kaka kapokea barua, kachelewa kuifungua makusudi, watu wakacheka. Mama Rehema kapiga vigelegele mpaka mtaa wa pili. Wageni wamekula wameondoka. Nimeosha vyombo peke yangu, nimewakataza kunisaidia.

Fundi Anselm kapita jioni, kasimama kwenye uzio, kofia mkononi. Kauliza mtoto kasemaje. Nimemwambia hana neno. Kamshukuru Mungu, kaenda zake anapiga mluzi.

Kwamba Neema alilisema huku anatazama saa, sijamwambia. Hata Mama Rehema sijamwambia.