Yusufu Anapuliza Moto

Mdogo wangu Otilia,

Mguu umepona, au bado unaukokota shambani kwa ukaidi? Mimi mzima, nakula, nanenepa. Baridi ya huku Falls Church, Marekani, imelegea, sasa navaa soksi jozi moja tu. Anayeandika ni mjukuu wetu Neema, na nimemkataza kupunguza hata neno.

Unajua mwanangu Anna alivyokasirika binti yake Neema alipoacha kazi ya kompyuta kule Herndon, akasomee picha za altareni za Mjerumani mmoja aliyekufa miaka mia tano na ushee iliyopita. "Mama, nani ameshiba kwa ubao uliopakwa rangi?" Anna akaniambia. "Ongea naye arudi kazini." Nikakubali. Jumamosi nikafuatana na Neema hadi jumba la makumbusho mjini, maneno yamenijaa kinywani.

Kumbe siku hiyo wakubwa wa pale wanamjaribu: awaeleze wageni picha ya yule Mjerumani, wakiridhika wamwajiri. Mtoto anaongea kwa sauti ya mgonjwa! Wageni wakaanza kuchezea simu.

Mimi nikaitazama picha. Otilia, ni Bikira Maria kajifungua! Nikafanya kama kanisani kwetu Songea: nikapiga goti, nikanyoosha mkono nimguse mguu. King'ora kikalia jumba zima. Akaja mlinzi, Mmarekani mweusi mrefu kama mlingoti. Nikajua natolewa nje. Akainama. "Shikamoo Bibi. Tafadhali usiguse." Kumbe alitusikia tukiongea tulipoingia, na Kiswahili kajifunza darasani!

"Marahaba, baba. Neema, huyu mzee wa pichani anayepuliza moto ni nani?"

"Ni Yusufu, Bibi. Anampikia mzazi uji."

"Mwanamume? Babu yako hakujua hata chumvi inakaa wapi!"

Neema akacheka, akawatafsiria wageni, nao wakacheka. Hapo ndipo ulimi ukamfunguka. Akaeleza vijana wa karakana walivyosaga rangi, bwana wao akabandika dhahabu nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Ubao ule ulikuwa na milango, siku za kawaida umefungwa, sikukuu unafunguliwa, na mkulima aliyetoka kwenye baridi anamwona Yusufu kapiga magoti jikoni kama yeye nyumbani kwake. Hakuna aliyeshika simu tena.

Wamemwajiri!

Nikamwambia Anna ukweli: "Ulichonituma nimeshindwa, na nimefurahi kushindwa." Akanuna, akagonganisha sufuria. Jana anakata mboga, akaniuliza makumbusho yanafunguliwa saa ngapi Jumapili.

"Mimi nitajuaje? Mwulize mwanao, yuko sebuleni."

Kisu kikatulia. Kisha nikamsikia: "Neema, mama, Jumapili uko kazini? Nataka nije."

Neema hapa kaacha kuandika, anajifuta macho. Nimemwambia aendelee, asinilowanishie karatasi.

Msalimie shemeji, apunguze tumbaku. Msalimie wifi yetu wa dukani, na kaka yetu mkubwa asiyesikia, mpigie kelele mpaka aitike. Wajukuu zako wote wabusu kwa niaba yangu, hata yule mtundu.

Naishia hapa. Anna ananiita chumbani nimchagulie kitenge cha kuvaa Jumapili.

Dada yako akupendaye,
Skolastika