Tamari Hakuitwa Malkia

Jumatatu, 2 Machi 2015

Buffalo, theluji tena. Nimerudishiwa rasimu ya insha yangu ya historia. Kila nilipoandika kwamba Tamari alikuwa malkia wa Georgia, ile nchi ya Kaukazi, mwalimu kapiga mstari mwekundu. Watu wake walimwita mfalme — mepe, kwa lugha yao — maana kiti kilikuwa chake, hakukipata kwa mume. Nimecheka peke yangu. Kwetu Bushi, Kongo, mfalme ni mwami, na mwamikazi ni mama yake au mke wake. Lazima awe wa mtu! Miaka thelathini na minane sijawahi kulifikiria hilo.

Jumatano, 4 Machi

Nimesoma baada ya zamu ya ghala kule Cheektowaga, miguu inawaka moto. Wakuu na maaskofu ndio waliomtafutia Tamari mume: Yuri, mwana wa mtawala wa Rus. Nchi imezungukwa na maadui, wakamwambia, inataka jemadari. Jemadari gani! Mlevi, mkatili. Baada ya miaka miwili Tamari akaivunja ndoa, akamfukuza hadi Konstantinopoli, tena na mali ya njiani.

Swali la mwalimu: huruma au siasa? Mimi nasema woga. Unamfukuza mtu vizuri ili asirudi vibaya. Mume wangu Cikuru alinipiga mbele ya mtoto wetu, na bado nilimpigia pasi mashati yake kabla hajapanda basi la Louisville.

Ijumaa, 6 Machi

Kaka yangu Birindwa kapiga simu kutoka Columbus. Cikuru yuko kwake, Northland, tangu jana. Eti kaokoka, kaacha pombe. Jumapili watakuja pamoja na wazee wa kanisa. “Donc, nyumba bila mwanaume haiko nyumba, dada.” Ndugu wa tumbo moja!

Yuri naye alirudi na askari wa Konstantinopoli, na baadhi ya wakuu wa Tamari mwenyewe wakamuunga mkono. Hao ndio walionichoma, si wageni.

Mtoto wetu Aksanti kaniambia kwa Kiingereza kwamba amemkumbuka baba yake. Ana miaka kumi na mitatu. Nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Jumapili, 8 Machi

Wamefika saa nane. Birindwa, Mzee Rutebuka, na Mama Generoza, mke wa mchungaji. Cikuru kabaki chini kwenye gari, anangoja kuitwa.

Rutebuka kasali, kisha kwa upole: “Mama Aksanti, tunakuletea kichwa ya nyumba. Tumuite?”

Nikamwambia kwenye karatasi ya nyumba hii, mahali pa mkuu wa kaya, limeandikwa jina langu.

“Bon, ile ni karatasi ya Wazungu,” kasema mzee.

Birindwa kaangalia zulia. Nikasema naenda kuweka chai.

Naandika jikoni, maji yanachemka. Kupitia dirishani nimemwona Cikuru kule chini — amekonda! Hasira nimeitafuta sikuipata, na hilo ndilo linaloniogopesha. Tamari alimshinda Yuri, akamkamata, akamsamehe. Yule mtu akarudi na jeshi tena.

Aksanti kaingia, kafungua kabati. Wageni watatu, sisi wawili: vikombe vitano, na kuhesabu anajua. Lakini kasimama tu, ananiangalia, ananiuliza kwa Kiswahili, yeye wa Kiingereza siku zote:

“Maman, nitoe bikombe ngapi?”