Bugali ya Kutafuniwa

Mardi, magaribi.

...na Madame, mwenye hii nyumba ya kulindia imbwa za wasafiri, aliniamini. Nilimwambia kule Djugu nilikuwa na imbwa makumi mbili za kuwinda, na moja ilikamata chui.

Leo, siku yangu ya kwanza ya kazi, imbwa moja ya mugeni ilikataa kula.

"Muzee wa imbwa makumi mbili," Madame akasema, "kama haikuli mpaka magaribi, weye utarudia kwako."

Niliogopa. Nikafanya kama baba alivyofanyia imbwa yenye kukataa chakula: nikatafuna bugali kidogo, nikaiweka mukononi. Ikakula yote.

"Ni siri ya wawindaji," nikamwambia.

Humu, katika daftari yangu, naandika ukweli. Nilikuwa na imbwa moja tu, Kengele. Tulipokimbia vita ya Djugu nilimwita, nikamwita, hakuja. Kamio yenye kutubeba iliondoka, bugali niliyomutafunia ikiwa ingali mukononi mwangu.