Mzungu wa Mwewe, Mbamba Bay

Dada Skola, shikamoo. Huku ni joto na ugali wa muhogo, ila usipa wa kukaanga, dagaa wa ziwani huku, ungekufanya usahau maharage. Mzungu aliyeniajiri anahesabu mwewe na tai wanaopita juu ya ziwa kwenda kusini. Kila akipita mmoja, natumbukiza punje ya kahawa koponi. Mama mwenye nyumba tuliyopanga haamini kwamba ni ndege tu. Anasema tangu wafanyabiashara binafsi waruhusiwe kununua mazao, hakuna anayetazama kitu bure. Nilimcheka.

Leo mawingu yamefunga, hakupita hata mwewe mmoja. Mzungu akageuzia darubini ufukweni, akaniambia nitie punje kwa kila paa la nyumba.

Msalimie mama, nawakumbuka sana. Na akitokea mtu hapo Matiri akasema anatazama ndege, simameni wote shambani mpaka aondoke, asije akaliandika halina mwenyewe.

Mdogo wako, Kosmas