Tuligeuza Gari kwa Ajili ya Begi

Mpendwa Shangazi, shikamoo, na uniwie radhi kwa mwandiko huu maana nakuandikia bafuni nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, ndicho chumba pekee nyumbani kwetu ambacho komeo lake bado linafunga, na nimefungulia bomba kidogo ili wadhani naoga. Nina kama robo saa kabla hawajaanza kugonga. Nimesoma safu yako miaka mingi na sikuwahi kufikiri siku moja nitakuwa miongoni mwa wale ninaowasoma huku nikitikisa kichwa, lakini maji yamenifika shingoni, na nikimwambia mama yangu atasema ndio ulezi huo, na nikiwaambia dada zangu habari itafika kwa shemeji zangu kabla sijakata simu.

Mimi na mume wangu tuna mapacha, wa kiume na wa kike, wana miaka miwili na miezi minne, tunawaita Bonge na Sindano, Bonge kwa sababu ya mashavu na Sindano kwa sababu hakai mahali bila kumchoma mtu. Bonge ana pumu kwa hiyo hatutoki bila dawa yake ya kuvuta, na Sindano halali mpaka ashike sikio la mtu, tena sikio la kushoto. Juu yao yupo dada yao, Meneja. Jina hilo alipewa na baba yake siku aliposimama mlangoni akawaamuru wageni wavue viatu na wavipange, wawili wawili, visigusane. Mtaa mzima ulikuwa unaniita Mama Meneja, siku hizi nimekuwa Mama Mapacha.

Kazini mimi napiga picha za eksirei, kutwa nzima nawaambia watu vuta pumzi, ishikilie, usitikisike, halafu narudi nyumbani ambako hakuna hata mmoja asiyetikisika. Mume wangu ni fundi wa lifti. Huko kwao wana utaratibu, fundi hawashi umeme kabla hajamwita mwenzake aliye chini kwenye shimo la lifti na kusikia sauti yake mwenyewe ikijibu kwamba yuko nje, ndipo swichi inapandishwa. Mwaka jana Sindano alituponyoka mpaka katikati ya barabara, na tangu siku hiyo mume wangu akauleta utaratibu wake nyumbani. Kabla hatujaondoka popote yeye huuliza, "Wako unaye?" nami najibu, "Ninaye," naye anasema, "Wangu ninaye, twende." Wangu ni pacha niliyembeba mimi, wake ni pacha aliyembeba yeye. Haukuwahi kutuangusha, Shangazi, hata wenzangu kazini niliwafundisha.

Likizo iliyopita tulikwenda siku nne kwenye nyumba moja ya wageni kando ya ziwa, kwa gari tuliloazima kwa shemeji yangu, lile lenye safu tatu za viti. Naita likizo kwa sababu sijui niite nini. Nilifua kule nilivyofua hapa, tofauti ni kwamba kule nilianika nguo kwenye kamba ya watu. Mapacha walikula mchanga, mume wangu akawa anasinzia akiwa amesimama, na Meneja aliomba siku ya kwanza apelekwe kwenye ile mitumbwi ya kukanyaga kwa miguu, nikamwambia baadaye, na siku ya nne bado ilikuwa baadaye.

Asubuhi ya kuondoka nilimwambia Meneja arudi chumbani aniletee begi la wadogo zake, lenye nepi na dawa, akaenda. Hapo hapo Bonge akatapika, nikamvua, nikamvisha, mhudumu akataka ufunguo, Sindano akaanza kupiga mayowe, na nilipomaliza hayo yote nilikuwa nimeshasahau kwamba kuna mtu nimemtuma. Mume wangu akauliza, wako unaye, nikajibu ninaye. Wangu ninaye, twende. Tukaenda.

Mimi hukaa safu ya katikati kati ya viti vya mapacha, na Meneja hukaa nyuma kabisa pamoja na mizigo. Mapacha walilala kabla hatujafika barabara kuu, na kwetu mapacha wakilala hakuna anayethubutu kusema neno, hata simu tunazima sauti. Nilitupa jicho nyuma nikaona shuka limejikunja kwenye kiti nikajua Meneja naye amelala, nikashukuru. Tulikwenda dakika arobaini katika ule ukimya, na Mungu anisamehe, zilikuwa dakika arobaini tamu kuliko zote za likizo ile.

Kisha Bonge akaamka anakohoa, nikanyoosha mkono nyuma bila kugeuka nikasema nipe begi. Mkono ukarudi mtupu. Nikapapasa mizigo, begi halipo. Nikamwambia mume wangu tumeacha begi la watoto, lina dawa, geuza, naye akageuza. Tulipokuwa tunarudi ndipo hasira zikanipanda nikaanza kumsema Meneja, kwamba nilikupa kazi moja tu, moja, na hata hiyo imekushinda, na unajifanya umelala, na nilisema sana, Shangazi, mpaka nikavuta lile shuka. Chini yake palikuwa na mto.

Sitaki kueleza njia ile ya kurudi. Tulimkuta mapokezi, amekaa kwenye benchi juu ya begi, miguu inaning'inia, mhudumu amempa kalamu na karatasi achore. Alikuwa ametupigia simu mara sita yule mhudumu. Meneja hakuwa analia. Alisimama akanipa begi kwanza, akasema dawa ya Bonge iko mfuko wa pembeni, ndipo akaniruhusu nimkumbatie. Tulipokuwa garini akaniuliza, "Mama, mlirudi kwa ajili yangu?" Nikasema, "Kwa ajili yako, mwanangu. Tulipoona tu hupo, baba aligeuza gari." Mume wangu, ambaye hajui kusema uongo hata kwa wanaokuja kudai michango, aliangalia barabara.

Tangu hapo Meneja hatengani na begi lile. Tukitoka analivaa mgongoni, tukila analo miguuni, na mimi mpumbavu nilifurahi, watu walinisifia kwamba nimelea, nikapokea sifa. Mpaka juzi Jumatatu. Bonge alibanwa kifua, tukafungua begi, dawa haipo. Tulipindua nyumba nzima. Mume wangu alitoka na mtoto mikononi, bila viatu, mpaka duka la dawa la kona, na yule mama wa duka hakuuliza chochote, alimpa dawa pale pale, pumzi ikarudi. Nilipokwenda kumchukua Meneja shuleni, nimechelewa kama kawaida, ni yeye peke yake aliyebaki getini, nikafungua begi lake la shule. Dawa ilikuwa ndani ya kasha la penseli, pamoja na kijiko cha Sindano.

Nilimpiga kofi. Sijawahi kumpiga, Shangazi, nilimpiga pale getini mbele ya mlinzi. Hakulia. Aliniambia, "Niliichukua ili mje kunichukua."

Sasa shule zinafunga wiki ijayo na mume wangu ameshaweka nafasi nyumba ile ile ya wageni, anasema tukirudi pale tukafurahi mtoto atasahau, watoto husahau. Meneja anasema haendi, anataka aachwe kwa bibi yake. Roho inanisuta. Nimwambie ukweli kwamba tulirudia begi, au nitakuwa nakiponda kile kidogo kilichobaki? Na nifanyeje akubali kwenda nasi, maana nikimwacha tena, mara hii kwa makusudi, nitakuwa mama wa aina gani? Wameanza kugonga. Nisaidie.

Mama Mapacha

*

Mama Meneja,

Ndivyo nitakavyokuita mimi, hilo jingine waachie majirani.

Pole, na si pole ya mdomoni. Watoto wawili wa umri mmoja, mmoja kifua kinambana, kazi ya kusimama kutwa, mume anayeitwa kila mtu anapokwama kati ya ghorofa na ghorofa. Asiyechoka hapo ana walakini. Mlimsahau kwa uchovu, hamkumsahau kwa kutompenda, na barua za wazazi waliosahau watoto wao ninazo droo nzima, wengine walikuwa na mtoto mmoja tu wa kukumbuka. Na zile dakika arobaini za ukimya usizionee aibu. Hata mimi ningezifurahia.

Sasa nikukaripie. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta umri wa Meneja. Mapacha umenitajia miaka na miezi. Najua nani anakohoa na nani anashika sikio, tena la kushoto. Umri wa binti yako wa kwanza sikuuona popote, nimebaki kukisia kwa kasha la penseli. Hukufanya kusudi, najua, na ndiyo maana nakuambia.

Unauliza kama umwambie ukweli. Ukweli gani ambao hana? Alikaa juu ya begi lile zaidi ya saa moja, ameshajua gari litarudia nini kabla halijaonekana. Alipokuuliza alikuwa anakupa nafasi, ukampa hadithi. Kwa hiyo sasa anajua mambo mawili, kwamba mlirudia begi na kwamba mama yake anaweza kumdanganya akiwa amemtazama machoni. Mumeo mwambie kutoka kwangu kwamba huyu hajasahau. Aliyesahau asingebeba dawa ya mdogo wake kwenda nayo darasani.

Leo hii, si kesho, mmoja wenu aende kununua dawa ya pili. Moja ikae mfukoni mwa baba, nyingine juu ya kabati. Begi la mapacha kuanzia leo linabebwa na mtu mzima, na Meneja akililia, mnyang'anye kwa upole lakini mnyang'anye. Mdogo wake nusura apoteze pumzi na kosa hilo ni lenu, msimwachie alibebe yeye.

Kisha kaa naye peke yake. Usimweleze mambo ya uchovu wala ya shuka. Mwambie, "Nilikudanganya. Tulirudi kwa ajili ya begi kwa sababu hatukujua kwamba hupo, na kutojua kwetu ndilo kosa. Na lile kofi lilikuwa kosa langu pia. Nisamehe." Halafu nyamaza. Akikasirika, vumilia. Usije ukalia kuliko yeye, maana atainuka kukubembeleza, na utakuwa umempa kazi nyingine.

Maneno hayatatosha na usitegemee yatoshe. Zimebaki siku chache shule ifunge, basi kila siku uwe getini kabla kengele haijalia, mikono mitupu, bila pacha, bila begi. Omba ruhusa kazini, badilishana zamu, hiyo mifupa ya watu itasubiri nusu saa. Anatakiwa akuone umemfuata wakati hana kitu chenu chochote. Siku ya kwanza atakukagua nyuma kuona kama umewaficha wenzake. Siku ya tatu huenda akakushika mkono. Asipokushika, nenda siku ya nne.

Na huo mwito wa mumeo ni mzuri sana kwenye shimo la lifti, kwa sababu kule wako wawili. Nyumbani mko watano. Aanze kwa kumwita Meneja, na asiwashe gari mpaka asikie sauti ya Meneja mwenyewe ikijibu.

Likizo sasa. Umeuliza ufanyeje akubali kwenda, na hapo ndipo nilipokasirika kabisa. Mtoto amekuambia kwa mdomo wake kwamba hataki kurudi kwenye benchi lile, nawe unatafuta njia ya kumshawishi ili nyinyi mjisikie vizuri. Hatakwenda. Wala hatapelekwa kwa bibi kama mzigo uliokosa nafasi. Nafasi imeshawekwa, basi aende mumeo na mapacha, achukue na mama yako, ambaye anasema ndio ulezi huo, akamsaidie kulea. Wewe unabaki nyumbani na binti yako siku zote nne, na asubuhi ya kwanza utamuuliza anataka kufanya nini, kisha utafanya hicho, siku hiyo hiyo.

Utaniambia mapacha hawajawahi kulala bila wewe, kwamba watalia njia nzima. Ndiyo, watalia. Ni zamu yao.