Magoti Yangu na Mapafu ya Neema

Jumatano

Ningefurahi zaidi kama daktari angeishia pale aliposema dawa za Neema zinafanya kazi, virusi vya UKIMWI havionekani tena kwenye damu. Akaongeza kwamba mapafu yameshaharibika, hayatarudi kama zamani. Binti yangu ana miaka kumi na saba.

Tukirudi nyumbani Malangali, kwenye mwinuko alianza kuhema. Nikakaa chini, nikasema magoti yananiuma, ili apumzike bila aibu. Wenzake wa shule wakapita, wakaniamkia, nikawaitikia.

Walipokwisha kupita akasema, "Mama, magoti yako hayaumi."

Nikainuka, nikakung'uta vumbi kwenye khanga. Akaendelea:

"Lakini tukikutana na watu tena, kaa hivyohivyo."

Nikamwambia nitakaa. Nikiondoka mimi duniani, nani atakaa naye chini...