Kilo Kumi ya Kamali

Kamembe, Cyangugu
Tarehe 14 mwezi wa pili 1988

Mupenzi Yaya Nsimire, dada yangu mukubwa,

Nakusalimia sana, wewe na shemeji Murhula na batoto. Muko je na ile baridi ya Liège? Magoti ingali inakuuma? Bantu benye banatoka huko banasema theluji inaingia mpaka mu viatu. Mimi nikisikia vile nakwenda kuota jua kwa ajili yako, hii njo musaada yenye niko nayo kwa sasa.

Sisi huku tuko. Mama anakohoa, lakini anakohoa na nguvu, kwa hiyo hatuogopi. Sambaza, bale basamaki badogo, ni mingi mwezi huu, bantu ba kisiwa ya Nkombo banavuka na mitumbwi imejaa mpaka maji inataka kuingia.

Sasa habari mubaya. Odette, bibi yangu wa ndoa, alivunjika mukono wa kuume, mahali pawili. Usilie, anapona, plâtre, ile plasta ngumu, itatoka mwezi wa tatu. Lakini ule muntu mwenye alimuvunja ile mukono anatembea hapa Kamembe na shati ya kupiga pasi, na hii barua yote nakuandikia juu yake.

Unajua kama sasa natengeneza motokari hapa ku lupango, kiwanja ya nyumba yangu. Nilianza na ile Toyota yangu nyekundu ya kubeba sambaza, kisha ya majirani, kisha bashofere ba taxi bakaanza kuniletea yao, juu sikawii na ninabachekesha. Fundi mukubwa wa hapa, jina yake Kamali, mwenye garaji karibu na soko, hakupenda. Lakini hakusema kitu. Siku moja akakuya kwangu na tabasamu ya padri siku ya Noeli, akanipatia bei ya rafiki ku clé moja, ile spana ya kukaza buloni huku inapima nguvu. Unageuza namba ku mukono yake, unakaza, na ukifika ku nguvu yenye uliweka, inalia krik, unaacha. Jina yake ya kweli ni dynamométrique, lakini mimi na myaka yangu mine ya shule nasemaka dynamo tu. Nikamuuliza roue, gurudumu ya Toyota, inataka ngapi. Akasema kilo kumi. Weka kumi, ikilia usiongeze.

Nikaweka kumi. Ikalia krik kabla hata sijatoka jasho. Mukono yangu ikaniambia, Cubaka, hii ni laini. Nikaiambia nyamaza, chombo ya Ulaya inajua kutupita.

Ile wiki tukakwenda kuuza sambaza Bweyeye. Tulikuwa tunashuka polepole kando ya msitu, na Odette akaniuliza ile roue yenye inakimbia mbele yetu ni ya nani. Ilikuwa yetu. Toyota ikalala kwa ubavu na Odette akawa chini. Bantu ba Bweyeye bakamubeba mu ngobyi, ile machela ya kusuka, mabega kwa mabega, mpaka tukapata motokari ya kutufikisha ku hospitali ya Mibirizi. Balimufunga muzuri sana, Mungu abakumbuke.

Mwalimu mumoja wa mécanique njo alinifungua macho. Ile clé iliandikwa na newton, na newton kumi ni sawa na kilo moja tu. Ningepashwa kuweka mia. Mafundi ba zamani bote banahesabuka na kilo, clé inahesabu na newton, na Kamali anajua zote mbili. Pale katikati njo alinyamaza. Wewe Yaya ulinifundisha kuhesabu na mbegu za maharagi mpaka mia moja, lakini hukuniambia kama kumi iko za aina mbili.

Nikakwenda ku garaji yake. Bashofere balikuwa pale, bamejaa. Nikamuambia Odette iko hospitali, roue ilitoka, na aliniuzia clé akijua sitaisoma. Hakutoa hata mikono mu mifuko. Akasema: «Nilikuuzia clé, Cubaka. Masomo sikukuuzia.»

Balicheka. Hata mimi nilicheka, unanijua, mudomo yangu inacheka kabla moyo haijaamua. Lakini kutoka ile siku sijamusamehe, na sina mupango. Odette akiomba asubuhi, mimi namukumbusha Mungu jina ya Kamali, na garaji iko upande gani, asikosee nyumba.

Nilifikiria kumwaga sukari mu reservoir ya mafuta ya motokari yake. Nilifikiria kulegeza buloni za roue zake, na hapo nikajiogopa mwenyewe, juu bibi yake na batoto bake banapandaka mule. Hapana. Nataka kisasi yenye atakuwa muzima, amesimama, ameshiba, anaona byote.

Na yeye mwenyewe njo alinipatia njia. Anasemaka kila siku hatumii dynamo, hii ni ya bazungu bembamba, yeye mukono yake inajua kilo kumi kamili. Nikamuambia mbele ya bashofere bale bale, akaze buloni kumi na mukono yake, na clé ya kweli ije kumuuliza. Alikubali kabla hata sijamaliza, juu ya kiburi. Ni Jumamosi yenye inafuata Pasaka, ku parkingi ya taxi. Akishindwa, atasema kwa mudomo yake, na sauti, kama alinidanganya na kama kosa ya mukono ya Odette iko ku kichwa yake. Nikishindwa mimi, nafunga vyombo byangu mu sanduku, sitagusa motokari ya muntu tena.

Sasa Yaya, unaona kwa nini nakusumbua. Huku clé ya vile haipatikani, isipokuwa kwa Kamali, na ile yenye aliniuzia haina karatasi, hata nikiweka mia hakuna mwenye ataiamini. Nakuomba uende ku duka ya vyombo huko, uninunulie moja. Sœur Joséphine, mutawa wa paroisse yetu, mwenye anakuletea hii barua, anarudi mwanzo ya mwezi wa ine na ataibeba. Usimuambie ni ya kisasi. Muambie ni ya buloni, na si uongo.

Nisikilize muzuri, juu muuzaji atakuletea ile inangaa. Usikubali inangaa. Uliza ile yenye inalia krik. Iko ingine ya mushale yenye unaangalia kama saa, ile hapana, juu bashofere batagombana nani aliona mushale wapi. Krik banaisikia bote, hata mwenye kusinzia.

Namba zichongwe mu chuma yenyewe, si karatasi ya kubandika, na ukiona imeandikwa kilo na newton pamoja, busu muuzaji kwa niaba yangu, shemeji asijue. Ianze kilo ine ifike ishirini. Juu ya nini ishirini wakati nataka kumi? Mwalimu anasema hizi clé zinasemaka kweli zaidi katikati, ku mwisho zinababaika, sawa muntu ku mwisho ya chupa. Kichwa yake ya kuingiza soketi iwe ya nusu pouce, ile nusu inchi. Ukigeuza mukono yake, iwe na kitu ya kuifunga, namba isiteleze. Na lazima iwe na karatasi ya kiwanda yenye kusema ilipimwa, na namba ya ile karatasi iwe sawa na namba ya ku chuma. Usiiache ile karatasi! Kamali atasema clé inadanganya, hii njo neno yake ya kwanza, nataka nimunyooshee karatasi asome, yeye mwenye masomo.

Namna ya kupima nimeishaifikiria, juu Kamali ni mujanja, anaweza kukaza mpaka shetani ashindwe na clé italia tu. Tutapiga alama ya chaki ku kila buloni yenye alikaza, na ingine ku roue, zitazamane. Kisha tunalegeza, tunakaza tena na clé ku kilo kumi. Chaki ikirudi kutazamana, Kamali ni bwana. Ikipita, alilegeza. Ikikosa kufika, alikuwa anaua buloni za bantu. Hakuna mahali ya kutokea.

Nitakuambia ukweli, iko usiku mmoja mmoja nafikiri, na kama mukono yake inajua kweli? Yaya, hata hivyo usininunulie yenye kunipendelea. Kumi ya uongo niliishakuwa nayo, matokeo yake iko mu plâtre.

Nilikuwa nataka kufunga barua hapo. Nikaisomea Odette. Alisikiliza yote, kisha akasema: «Ile siku, clé nitashika mimi.» Nikamuambia Odette, mukono yako itakuwa imetoka mu plâtre siku kidogo tu, ingali nyepesi kama ya mutoto, na hii ni kazi ya banaume. Akaniangalia sawa vile anaangaliaka sambaza imelala siku mbili.

«Kama ni ya kweli,» akasema, «haitauliza mukono ni ya nani.»

Kwa hiyo Yaya, ongeza hii: iwe ndefu, nusu metre kama inapatikana, juu ikiwa ndefu inaomba nguvu kidogo. Na mahali ya kushika isiteleze.

Salimia shemeji Murhula, na batoto, Feza na Bernadette mudogo, muambie nilipata picha yake na meno inapendeza, hata ile haiko. Mama anakuwekea mukono ku kichwa kutoka huku. Mungu alinde mulango yenu na afungue ya kurudi kututembelea. Odette hawezi kuandika sasa, lakini anakusalimia. Iko hapa inje, ananyonga nguo za kufua na mukono wa kushoto ili ule ukuwe na nguvu ya kusaidia mwenzake, na kila mara maji inatoka, namusikia anataja jina ya Kamali.

Mimi mudogo wako, mwenye kukupenda kila siku,

Cubaka